Kitambaa Cheupe cha Mama Masafa

Kibanda cha Mama Masafa kimebanwa kati ya duka la misumari na saluni ya kinyozi, na upana wake unamtosha mtu mmoja tu aliyebana viwiko. Ndani mna meza, taa yenye shingo ndefu, kiti kilichofungwa mto kwa kamba, na redio. Redio ziko kila mahali: zilizopona zikisubiri wenyewe, zilizokufa zikisubiri kutolewa viungo, na nyingine ambazo hakuna ajuaye kama ni za kundi hili au lile. Yeye mwenyewe ni mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu. Huvaa miwani miwili kwa pamoja, mmoja wa kuonea mbali na mwingine juu yake wa kuonea karibu, na akikutazama kupitia yote miwili unajihisi kama waya uliokatika.

Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, kisha akamzidi. Mumewe hakuona haya kulisema hilo. Mteja akija na redio iliyoshindikana kwingine, mzee huyo alikuwa akimwambia, "Mimi nafungua skrubu tu. Daktari ni huyu hapa."

Lakini jina la Mama Masafa hakulipata kibandani. Alilipata uwanjani.

Uwanja wa Chuma, klabu ya mtaa wetu, uko bondeni nyuma ya kilima. Siku ya mechi watu wakijaa, simu zote hugeuka mapambo, na redio za kawaida hukoroma kama mtu mwenye mafua. Mama Masafa aliunda redio yake mwenyewe, akaifunga waya mrefu kwenye vyuma vya jukwaa, akawa anaketi ngazi ya juu kabisa na kisikilizio sikioni, akipokea matokeo ya viwanja vingine. Hakupiga kelele. Alikuwa na vitambaa viwili. Chekundu kikipanda, maana yake huko kwingine mambo yametugeuka, lazima tufunge bao. Cheupe kikipanda, maana yake matokeo kama yalivyo yanatutosha, tulieni, lindeni lango. Makocha walikuja na kuondoka, na kila aliyekuja alionyeshwa mapema chumba cha kubadilishia nguo, ofisi ya Mwenyekiti, na mahali anapoketi Mama Masafa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuinua kitambaa cha uongo, wala cha kubahatisha.

Mtoto wake wa pekee alikuwa beki wa kushoto wa Chuma. Mtaa mzima ulimwita Beki, kana kwamba wengine wote waliowahi kucheza nafasi hiyo walikuwa wakimshikia tu.

Msimu uliopita klabu iliishiwa. Mishahara haikutoka, wachezaji wakagoma mazoezi, wakamchagua Beki awasemee. Alikwenda ofisini kwa Mwenyekiti akasema kwa adabu, amevua kofia. Mechi iliyofuata Chuma ilifungwa mabao manne. Asubuhi ya kesho yake Mwenyekiti aliketi katika studio ya redio na kuwaeleza wasikilizaji kwamba wako wachezaji waliouza mechi, na kiongozi wao ni yule beki wa kushoto. Hakutoa ushahidi, wala hakuna aliyemwomba. Mashabiki waliofungwa mabao manne walitaka mtu wa kumlaumu, na sasa walikuwa wamepewa mmoja. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu mishahara.

Mama Masafa alizisikia habari hizo kwenye redio ya mteja, iliyokuwa imetoka kupona mikononi mwake.

"Niliitengeneza mwenyewe," alikuwa akisema, "ili initukanie mwanangu."

Beki alikana. Alikana mbele ya wachezaji wenzake, mbele ya mashabiki, na hata akiwa kwenye kiti cha Kinyozi na shuka la kunyolewa shingoni. Watu walimsikiliza, wakaguna, wakaenda zao. Asubuhi moja ukuta wa nyumba yao ulikutwa umeandikwa kwa mkaa: BEI GANI? Beki aliufuta kwa maji na brashi, akaufuta vizuri mpaka rangi ikatoka, kisha akafunga begi lake. Alikwenda mji wa mbali akapata kazi ya kupakia mikate kwenye magari, na tangu hapo hakugusa mpira.

Mama yake hakulia mbele ya mtu. Alivikunja vitambaa vyake viwili, akaviweka chini ya godoro, akaacha kwenda uwanjani. Kisha akaanza kuchukia, na alichukia kama anavyofanya kazi: kwa utulivu, kwa vipimo, bila haraka.

Mwaka huu hali ya Chuma ikawa mbaya zaidi, na maiti hiyo ilipasuliwa kila siku mbele ya saluni ya Kinyozi. Kinyozi ndiye kiongozi wa tawi la mashabiki. Benchi lake liko hatua chache tu kutoka meza ya Mama Masafa, kwa hiyo hakuna neno la klabu lililosemwa pale asilolisikia. Mshika benchi mkuu alikuwa Dereva, aliyeendesha basi la timu mpaka siku benki ilipolichukua.

"Nimelipaki vizuri," alikuwa akisimulia, "nikageuka kununua maji. Narudi nakuta lina dereva mwingine. Ananiambia, shuka na ndala zako."

"Sasa wewe ni dereva wa nini?" Kinyozi akauliza, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja.

"Wa funguo. Funguo hawakuchukua."

"Na wachezaji watakuja na nini mechi ya mwisho?"

"Mechi ya mwisho tuko nyumbani. Watakuja na miguu yao."

"Nasikia maji nayo yamekatwa."

"Zamani. Kipa juzi ameoga kwa chupa. Umeme ulitangulia kabla ya maji, ndiyo maana mtangazaji wa uwanja siku hizi anatangaza kwa koo lake. Dakika ya sitini sauti imekwisha, hatujui nani kaingia nani katoka."

Mteja aliyekuwa ananyolewa akasema, "Lakini mlangoni tunalipa kiingilio. Hizo hela zinakwenda wapi?"

"Kaka, tulia nisikukate sikio," Kinyozi alimjibu, akashusha sauti. "Swali hilo limeshamhamisha mtu mji."

Wote wakatazama upande wa kibanda. Mama Masafa alikuwa ameinamia saketi, moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye chuma chake cha kuchomelea. Hakuinua kichwa.

"Washuke," akasema.

"Dada, usiseme hivyo," Kinyozi akamsihi. "Ni timu yetu."

"Ni timu yenu. Washuke daraja, na wakifika chini wachimbe, washuke tena."

"Shemeji, fikiria," Dereva akadakia. Alikuwa rafiki wa marehemu, na hakuwahi kuacha kumwita hivyo. "Tukishuka wachezaji wote watakimbia. Wafadhili ndio hata salamu hawatatupa."

"Na Mwenyekiti je?"

Kinyozi akazima mashine. Katiba ya klabu ilikuwa na kurasa nyingi, lakini kila mwanachama alikijua kifungu kimoja: timu ikishuka daraja, kamati yote inajiuzulu mbele ya mkutano wa wanachama. Na Mwenyekiti alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Ilijulikana kwamba anataka kuuza uwanja kwa mfanyabiashara mmoja wa maghala, na mwenye kiti ndiye mwenye kalamu.

"Mwenyekiti ataondoka," Kinyozi akakiri.

"Basi nimemaliza," Mama Masafa akasema, akarudi kwenye saketi yake.

Alilisema hilo si mara moja. Alilisema kwa wateja, kwa muuza misumari, kwa yeyote aliyesimama mbele ya meza yake. Na kwa kuwa Dereva hajawahi kuhifadhi neno hata likiwa na kifuniko, Mwenyekiti naye aliletewa.

Wiki ya mwisho ya ligi ilipofika, Kinyozi alipanga chupa zake kwenye rafu ili watu waelewe msimamo.

"Hii ya poda ni sisi. Hii ya spiriti ni Viwandani. Wengine wote juu wameshapona, mmoja kati yetu sisi wawili anashuka."

"Kwa nini sisi ndio poda?" Dereva akauliza.

"Kwa sababu tunapeperuka. Sikiliza. Tumewazidi pointi moja, lakini kwa magoli wao wako vizuri kuliko sisi. Viwandani wakishinda mechi yao, na sisi lazima tushinde. Wasiposhinda, sisi hata sare inatutosha. Ila tusifungwe. Tukifungwa nao wakapata sare, wanatufikia kwa pointi na kutupita kwa magoli. Umeelewa?"

"Nimeelewa kwamba lazima mtu atuambie Viwandani wanafanya nini."

Hapo wote walikumbuka aibu ya mechi iliyotangulia. Dereva alikuwa amejitolea kushika nafasi ya Mama Masafa kwa redio ya kuazima. Baada ya kukoromewa nusu mechi, alisikia kwa furaha kubwa kwamba Viwandani wamefungwa mabao mawili, akatangaza, jukwaa zima likacheza na kukumbatiana. Kumbe alikuwa amenasa marudio ya mechi ya mwezi uliopita.

"Ilikuwa sauti safi sana," Dereva alijitetea. "Ningejuaje imepitwa na wakati?"

Kinyozi akavua koti lake la kazi, akajifuta nywele za watu mikononi, akaenda kusimama mbele ya kibanda.

"Dada, tunakuomba. Siku moja tu. Si kwa ajili ya Mwenyekiti. Kwa ajili yetu sisi watu wako."

Mama Masafa alimtazama kupitia miwani yote miwili.

"Nitakuja," akasema.

Alikubali upesi mno. Kinyozi alirudi kwenye benchi akishukuru, lakini Dereva alikuna shingo muda mrefu.

Ukweli ni kwamba mpango ulikuwa umekamilika kichwani mwa Mama Masafa kabla Kinyozi hajamaliza kuomba. Saa itafika ambapo Viwandani watakuwa wanaongoza na Chuma itahitaji bao. Saa hiyo yeye atainua kitambaa cheupe. Kocha atawarudisha vijana nyuma, watapiga pasi za kupoteza muda, wataikumbatia sare yao kwa mikono miwili, na filimbi ikilia watagundua kwamba sare hiyo imewazika. Mwenyekiti ataanguka, na ataanguka kwa uongo, kama alivyomwangusha mwanawe.

Jioni hiyo alimpigia Beki simu. Alitaka amsikie akifurahi.

Beki alikuwa bado kazini, nyuma yake zikisikika trei zikigongana. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho. Kisha trei zikaacha kugongana, mpaka mama akadhani simu imekatika.

"Mwanangu?"

"Nipo, mama. Unataka kuuza mechi."

"Siuzi. Sipokei hata senti."

"Wao watajuaje? Watasema mama yake ameuza, kwa hiyo na yeye aliuza. Watasema tunarithishana." Trei zikagongana tena. "Mimi sijafanya kosa lolote, mama. Hicho ndicho kitu pekee nilichoondoka nacho hapo. Usinichukulie."

Alikata simu taratibu, kwa kumtakia usiku mwema. Mama Masafa alibaki ameishika simu mkononi. Chuki ilikuwa palepale, moto uleule, ila sasa haikuwa na mahali pa kutokea. Hangeweza kudanganya. Angedanganya, Mwenyekiti kule studioni angekuwa amesema kweli.

Siku ya mechi alikwenda hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa ameahidi.

Alipopanda ngazi na redio yake chini ya kwapa, mtu akaanza kupiga makofi na wengine wakafuata. Alipita katikati yao akiitazama mikono hiyo mmoja mmoja, akijiuliza ni upi ulioushika mkaa. Akaketi, akafunga waya kwenye vyuma, akavaa kisikilizio. Ng'ambo, jukwaa kuu, Mwenyekiti alikuwa amevaa shati jeupe na miwani ya jua, ubavuni mwake yule mfanyabiashara wa maghala akijipepea kwa tiketi.

Kipindi cha kwanza kilipita bila bao. Mapema kipindi cha pili sauti ya mtangazaji sikioni mwake ikapanda: Viwandani wamefunga. Mama Masafa akainua kitambaa chekundu. Uwanja mzima ukaguna kwa pamoja. Kocha wa Chuma akawapungia vijana wake wasogee mbele, na kwa muda mrefu walishambulia kama watu wanaosukuma ukuta. Mpira uligonga mwamba. Kipa wa wageni akadaka mwingine kwa goti. Bado sare, bila bao.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mtangazaji akapiga ukelele. Viwandani wamesawazishiwa. Moja kwa moja.

Mama Masafa alisubiri airudie. Akairudia, akamtaja mfungaji, akasema mpira umeshaanzwa upya katikati. Sasa sare ya Chuma ilitosha. Kilichotakiwa ni kukaa nyuma tu.

Aliinua kitambaa cheupe.

Kocha alikiona. Akawapigia mbinja mabeki, akawaonyesha kwa viganja viwili: chini, chini, tulieni. Lakini Mwenyekiti naye alikuwa amekiona, akateremka kutoka jukwaa kuu akikimbia, tai ikimpiga bega, mpaka kwenye benchi la ufundi. Walioketi karibu waliyasikia maneno yao, wakatusimulia baadaye.

"Unafanya nini? Wapeleke mbele."

"Kitambaa ni cheupe, mkubwa. Tuko salama."

"Huyo mwanamke anataka tushuke. Mtaa mzima unajua, amelitangaza kama dawa ya mbu."

"Yule mama hajawahi kukosea."

"Hajawahi kuwa na sababu," Mwenyekiti akasema. Akageuka, akamwona Dereva kando ya uzio. "Wewe. Panda pale ukamuulize."

Dereva alipanda ngazi mbili mbili. Alipofika juu hakuwa na pumzi ya kutosha kuuliza.

"Shemeji. Ni kweli?"

"Ni kweli. Moja kwa moja."

"Kweli kabisa?"

"Nimeinua cheupe."

Dereva alimtazama usoni, akitafuta kitu cha kupeleka chini. Mkono wa Mama Masafa ulipanda mpaka sikioni, ukakigusa kisikilizio. Kukitoa na kumkabidhi ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Dereva angesikia kwa masikio yake, angewakimbilia, wangemwamini. Dereva aliuangalia mkono huo.

Ukashuka, ukarudi pajani.

Alikuwa amesema kweli. Mwanawe pia alikuwa amesema kweli, na hakuna aliyempa kitu cha kuishikizia. Basi nayo hii isimame peke yake, waione inavyosimama.

Dereva alishuka polepole kuliko alivyopanda. Akafika kwa Mwenyekiti, akasema kitu, akainua mabega. Mwenyekiti akamsogeza kocha kando kwa kiwiko na kuingia mwenyewe kwenye mstari, akiwapungia mabeki mikono yote miwili waende mbele, wote, mpaka beki wa kushoto. Vijana walimtazama kocha. Kocha alitazama chini. Wakaenda.

Juu kabisa, Mama Masafa alikuwa bado ameinua kitambaa. Mkono ulimuuma, hakuushusha.

Kona ya Chuma ikaokolewa. Mpira ukaangukia kwa winga wa wageni, na mbele yake kulikuwa na nyasi tupu mpaka langoni. Alikimbia akigeuza shingo, kana kwamba haamini ameachiwa nchi nzima. Kipa akatoka, akapitwa. Goli.

Filimbi ya mwisho ililia muda mfupi baadaye, na huko kwingine Viwandani wakamaliza kwa sare yao ya moja kwa moja. Chuma ilikuwa imeshuka daraja. Mama Masafa aliyasikia yote mawili, la uwanjani kwa sikio moja, la redioni kwa jingine. Alichohisi hakikuwa furaha. Kilikuwa kama kuketi baada ya kusimama muda mrefu mno. Kule chini Mwenyekiti alikuwa amevua miwani ya jua, na bila miwani uso wake ulikuwa mdogo.

Watu walipotoka bondeni na kupanda kilima simu zikaanza kushika, na mmoja baada ya mwingine wakajua. Kitambaa kilikuwa cha kweli.

Kesho yake Kinyozi hakufungua saluni. Alikuja kibandani, akasimama kama mteja aliyesahau alicholeta.

"Dada, ungempa Dereva asikilize. Kitu kidogo tu. Kwa nini hukumpa?"

"Niliwaambia kweli."

"Ulijua hatutakuamini."

"Nilijua." Akaweka chini chuma cha kuchomelea. "Mwanangu alikaa kwenye kiti chako na shuka shingoni akakuambia hakuuza. Ulimjibu nini?"

Kinyozi akafikiri. Uso wake ulionyesha kwamba amekumbuka.

"Nilimuuliza kama anataka nimpunguze na pembeni."

"Basi."

Kinyozi akaenda nyumbani.

Mkutano wa wanachama ulifanyika Jumamosi iliyofuata, mchana, katika ukumbi wa shule. Ulijaa mpaka watu wakaketi madirishani. Mwenyekiti alisoma barua ya kujiuzulu kwa niaba ya kamati nzima. Alilaumu marefa, hali ya uchumi na majeruhi, akawashukuru wote, akakunja karatasi. Alikuwa tayari ameshachukua funguo za gari mezani aliposikia sauti kutoka safu ya mbele.

"Hujamaliza."

Mama Masafa alikuwa amesimama, simu yake mkononi, mkoba begani.

"Mama, ajenda imekwisha," Mwenyekiti akasema.

"Mwanangu hayumo kwenye ajenda?"

Mwenyekiti akatazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Ndipo Kinyozi aliponyanyuka.

"Juzi tumeambiwa kweli tukakataa, na tumeona kilichotupata," alisema. "Mimi nataka kujua ni ngapi nyingine tumezikataa. Yule kijana aliuza mechi, au hakuuza?"

"Aseme," mtu mmoja akaunga mkono. Kisha wengine. Hawakupiga kelele, walilirudia neno hilo kwa sauti ya kawaida, kila mmoja kwa wakati wake, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

Mwenyekiti akavuta kipaza sauti, akasema kitu chini kwa chini.

"Hatusikii," Mama Masafa akasema. "Ulipomtukana ulitumia redio."

Akajaribu tena. Spika ikakwaruza, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikafa. Mwenyekiti alikigonga kipaza sauti kwa kidole mara kadhaa, na uso ukamfunguka kidogo.

"Mnaona wenyewe. Mitambo imekataa. Tutalizungumza siku nyingine."

Mama Masafa alikuwa ameshapanda jukwaani. Alipiga magoti nyuma ya spika, akatoa bisibisi mkobani, akafungua kifuniko. Ukumbi mzima ulisubiri. Aliuona waya uliochomoka, akaukwangua kwa ukucha, akauzungusha, akaubana mahali pake, akafunga. Akachukua kipaza sauti.

"Moja, mbili." Sauti yake iligonga ukuta wa nyuma na kurudi. Akamkabidhi. "Sasa inafika mpaka barabarani. Endelea."

Kisha akaiweka simu yake juu ya spika, kioo kikiwaka. Kinyozi, aliyekuwa amesogea karibu na jukwaa, aliona kwamba iko hewani.

Mwenyekiti alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akalitaja jina lote la Beki, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa sababu Mama Masafa alimsimamisha njiani na kumtaka alitaje lote. Akasema hakuuza mechi. Akasema hakukuwa na ushahidi wowote, wala hajawahi kuwa nao. Akasema kijana alikuja ofisini kuuliza habari za mishahara, na yeye alitaka watu waongee jambo jingine. Jasho lilikuwa limeichora kola ya shati lake. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama Masafa aliichukua simu akaiweka sikioni. Kinyozi alikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti ya kijana, nyembamba na ya mbali, ikisema, "Nimesikia, mama. Nimesikia yote. Yatosha, mwachie aende."

Mama Masafa alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Mwenyekiti, ambaye tayari alikuwa ametanguliza mguu kwenye ngazi ya kushukia.

"Anasema hakusikia vizuri," akamwambia. "Rudia."